Umelipamba Gari Lako: Je, Mnunuzi wa Kisumu Atakulipa?

Tangu nihamie Kisumu kutoka Mombasa, swali moja nimelisikia kwa watu wengi, wenyeji na Waswahili wenzangu tulioletwa huku na kazi na biashara. Mtu amenunua gari, akalitia rimu pana, redio ya skrini kubwa, taa kali na ekzosi inayonguruma. Sasa amepatwa na dharura, anataka kuliuza. Je, pesa alizozitia zitarudi? Mara nyingi anayeuliza ameshajumlisha risiti zake zote, akaziongeza juu ya bei aliyonunulia, na anachotafuta kwangu ni neno la kumtia moyo.

Jibu fupi ni kwamba nyingi hazirudi. Baadhi hurudi nusu, na nyingine hupunguza bei ya gari lenyewe. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu, kwa sababu yako mabadiliko yanayolipa, na kinacholipa Kisumu si lazima kilipe Mombasa wala Dar es Salaam. Kwa hivyo leo tulichambue jambo hili taratibu, kwa faida ya anayeuza na anayenunua.

Tukumbuke kwamba kwa familia nyingi za kwetu gari ni akiba yenye magurudumu. Likiuzwa, mara nyingi ni kwa sababu karo ya chuo imefika, mgonjwa yuko hospitali, au deni limeiva. Mtu aliyetia shilingi laki mbili kwenye mapambo akarudishiwa elfu thelathini, pengine ndiyo karo ya mwanawe iliyopotelea hapo. Ndiyo maana nadhani jambo hili lastahili kuzungumzwa kwa uzito.

Bei ya gari huanzia wapi

Magari mengi tunayoendesha Kenya yalitumika kwanza Japani, kisha yakaingia kupitia bandari ya Mombasa. Kiwango cha taifa, KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyoruhusiwa yalikuwa ya kuanzia 2018. KRA nayo hukadiria thamani kwa kuanzia bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha hupunguza kiasi fulani kulingana na umri wake. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na kuna VAT ya asilimia 16.

Nimeanza na hesabu ya bandarini kwa sababu ndiyo nguzo ya bei ya kila gari la mkononi nchini. Mnunuzi akiliangalia gari lako, kichwani mwake analo swali moja: gari kama hili, la umri huu, likitoka bandarini leo au likiwa kwenye yadi, lagharimu kiasi gani? Mnunuzi wa Kisumu ana simu mkononi. Anatazama bei za Mombasa na Nairobi, anaongeza gharama ya kulileta safari ya zaidi ya kilomita 800, kisha ndipo anapokuja kwako. Ukimtajia bei inayopita hapo, hata rimu ziwe za dhahabu, atakushukuru kwa chai na kwenda zake.

Hata herufi za nambari ya usajili zinasema. Wakenya tunajua kwamba KDA ilianza mwaka 2020, na lolote lenye KC ni la kabla ya hapo. Hakuna rangi wala bodi kit inayoweza kuzificha herufi hizo.

Nguzo ya pili ni hali ya kiwandani. Huko Japani, kabla gari halijapandishwa melini, mara nyingi hupitia mnadani, na kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi. Karatasi hiyo ina gredi ya jumla, mfano 4 au 4.5 kwa gari zuri, herufi R kwa gari lililowahi kugongwa na kurekebishwa, na alama ya ndani ya gari kuanzia A kushuka. Gari lililobadilishwa sana, tuseme lililotiwa tabo ambayo haikutoka nayo kiwandani, au lililotolewa giaboksi ya otomatiki likawekwa ya mkono, mara nyingi huangukia gredi ya 1, hata kama linang'aa na linakimbia. Yaani huko huko linakotoka, mkaguzi analihesabu badiliko kama jambo la kumwonya mnunuzi.

Hesabu ya mapambo

Tuchukue mfano, na nambari hizi ni za mfano tu. Gari lako likiwa kama lilivyotoka kiwandani lingeuzwa shilingi 900,000. Wewe umetia rimu na matairi mapana kwa 90,000, redio na spika kwa 60,000, bodi kit na rangi kwa 80,000, na ekzosi kwa 30,000. Jumla ni 260,000. Kwa hesabu yako gari sasa ni 1,160,000.

Mnunuzi hafanyi hesabu hiyo. Yeye ana 1,160,000 mkononi, na kwa pesa hizo anaweza kupata gari la aina ile ile lililo changa kwa miaka miwili au mitatu, lenye kilomita chache zaidi. Kati ya gari kuukuu lililovishwa na gari changa lililo tupu, wengi watachukua changa. Mapambo atayatia mwenyewe akitaka, kwa ladha yake.

Hapo ndipo penye siri. Kilichokugharimu wewe ni bei ya kitu kipya pamoja na kazi ya fundi. Anachokiona mnunuzi ni kitu kilichotumika, kilichochaguliwa na mtu mwingine. Redio ya 60,000 ikikaa miaka miwili kwenye joto la Kisumu, skrini imeanza kufifia na simu mpya hazishikani nayo vizuri. Kazi ya fundi ndiyo kabisa, hairudi hata senti, maana haiwezi kufunguliwa ikauzwa pembeni.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, nayo ni wakati. Gari la kawaida, kama Toyota Fielder au Mazda Demio la rangi nyeupe au fedha, linatakiwa na mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa Kibuye na dereva wa teksi. Ukilishusha chini, ukalipaka rangi ya machungwa na kulitia ekzosi ya makelele, umewafukuza hao wote. Amebaki kijana mmoja mwenye ladha kama yako, na kijana huyo mara nyingi hana pesa taslimu. Mwenye dharura hawezi kumngoja miezi mitatu. Atalitoa kwa dalali, na dalali anajua kuinusa haraka ya mtu.

Yanayoshusha bei

Sasa tuangalie moja moja, kwa sababu kila badiliko lina sababu yake.

Ekzosi na injini. Vijana wa Subaru watanisamehe. Nchi hii imependa mbio za magari tangu Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, na tangu mbio hizo ziliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 huko Naivasha, kila mtaa una dereva wake wa rali. Lakini mnunuzi akisikia ekzosi inapiga baruti, hasikii muziki. Anasikia injini iliyokuwa ikikanyagwa kila wikendi. Hata kama wewe ulikuwa ukienda sokoni na kurudi, gari limeshakutolea ushahidi. Isitoshe, sheria za trafiki zinataka kila gari liwe na kizuia kelele kinachofanya kazi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA zipo. Kwa hivyo unamuuzia mtu gari pamoja na mazungumzo ya kila siku na askari barabarani.

Kubadilisha injini nzima kuna uzito wake. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Ukitia injini nyingine bila kuwaarifu NTSA, karatasi na gari havipatani. Mnunuzi makini hutafuta taarifa za gari kwenye mfumo wa NTSA, kisha hufungua boneti kulinganisha. Nambari zikipishana anaondoka, na ana haki, kwa maana hajui injini ile imetoka wapi wala ni mali ya nani. Ukiwa na risiti ya injini na ukafuata utaratibu, gari likakaguliwa na logbuku ikabadilishwa, shaka inaondoka. Hata rangi ni hivyo hivyo. Logbuku ikisema nyeupe na gari ni jeusi, kuna kazi ya ofisini kabla ya kuhamisha umiliki, na mnunuzi ataikata gharama hiyo kwenye bei yako.

Rimu na matairi yasiyo ya kipimo. Hapa watu wengi hawaoni madhara. Tairi likiwa kubwa kuliko la kiwandani kwa asilimia 5, kipimamwendo kikionyesha 80 wewe unakwenda 84. Na kilomita nazo hupotoka: 100 za dashibodi ni 105 za barabarani. Gari limetembea kuliko linavyosema, bila mtu kugusa kitu. Tairi pana mno husugua bodi unapokata kona, hula mafuta zaidi na kuzichosha beringi. Zile zenye ukuta mwembamba nazo zinapendeza mjini, lakini shimo moja la barabara mbovu lapinda rimu.

Kushusha gari chini. Wasomaji wa Mombasa wanaijua feri ya Likoni na pale gari linapopanda ngazi ya chuma. Huku ziwani tunayo ya kwetu, feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita. Gari lililoshushwa linakwaruza bampa na tumbo pale pale. Ongeza matuta ya barabarani na barabara za vumbi za kwenda fukweni, utaelewa kwa nini mnunuzi wa huku huinama kwanza kutazama chini ya gari kabla hajatazama viti.

Nyaya zilizokatwa. Hili ndilo la hatari zaidi na halionekani. Taa za ziada, alamu, spika za nguvu, vyote vinataka umeme. Fundi asiye na subira hukata waya wa kiwandani na kuunga kwa utepe. Leo taa zinawaka. Mwakani gari linazima njiani, betri inakufa usiku, au moto unaanzia nyuma ya dashibodi. Fundi wa mnunuzi akishusha kifuniko na kuona nyaya kama tambi, bei inashuka kwa kiasi kikubwa kuliko thamani ya redio yenyewe. Usukani wa mashindano nao ni hivyo hivyo: mara nyingi aliyeuweka aliutoa ule wenye mfuko wa hewa wa kuokoa maisha.

Yanayosaidia

Mabadiliko yanayolipa yana tabia moja: yanamtatulia mnunuzi tatizo analolijua tayari. Na matatizo hutegemea mahali.

Kisumu ni mji wa joto. Mchana nyuzi 30 si jambo la ajabu. Gari ambalo AC yake inafanya kazi sawasawa huuzika haraka, na kuitengeneza AC iliyokufa ni matumizi yenye akili kuliko kununua rimu. Viti vilivyofunikwa vizuri tangu siku ya kwanza, vikabaki safi chini yake, vinamfurahisha mnunuzi. Matairi mapya ya kipimo cha kiwandani, betri nzuri na kamera ya nyuma iliyofungwa kwa usafi pia husaidia. Havitaongeza thamani kwa bei yake yote, lakini vinamnyima mnunuzi sababu ya kuomba punguzo. Kifaa cha kufuatilia gari nacho kina faida, mradi akaunti yake ihamishwe kwa mmiliki mpya. Hakuna anayetaka kununua gari ambalo mwenyewe wa zamani anaona liko wapi usiku.

Halafu kuna Probox, na hili ndilo somo la kanda hii. Toyota walilitoa mwaka 2002 likiwa gari la kazi za ofisi na mizigo midogo. Huku Nyanza limekuwa mfalme wa barabara za vijijini, likibeba watu, magunia na mitungi ya maziwa mara nyingi kuliko linavyopaswa. Wenyewe huliinua kidogo na kulitia springi ngumu zaidi nyuma. Kwa macho ya mtu wa Nairobi hilo ni gari lililoharibiwa. Kwa mfanyabiashara wa Bondo au Usenge ni gari lililo tayari kwa kazi. Badiliko lile lile, wanunuzi wawili, bei mbili. Lakini hata huyo wa Bondo anajua kwamba springi ngumu ni ushahidi wa mizigo mizito, na ataikagua chesisi kama kuna nyufa kabla ya kutoa pesa.

Wafanyabiashara wa samaki nao wana yao. Pikapu iliyotengenezewa sanduku la kuhifadhi baridi kwa ajili ya mbuta na ngege ina thamani kubwa kwa mchuuzi mwenzako wa Dunga au Mbita. Kwa mtu anayetaka kubeba mchanga, sanduku hilo ni kazi ya kubomoa, na harufu ya maji ya samaki haitoki kwa sabuni. Kama sanduku linafunguka, liuze peke yake na gari peke yake.

Dar es Salaam inatupa mfano mwingine. Huko magari mengi ya teksi yametiwa mfumo wa gesi asilia, CNG, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Dereva wa teksi wa Dar hulifurahia gari lililofungwa mtungi, kwa kuwa vituo vipo na gesi inampunguzia gharama ya petroli. Lilete gari hilo Kisumu, ambako hakuna mtandao wa gesi asilia, na mtungi ule unakuwa mzigo unaokula nafasi ya buti. Ukiulizwa kama badiliko fulani linaongeza thamani, uliza kwanza: kwa nani, na wapi?

Na sisi wa Pwani tuna letu. Mnunuzi wa bara akisikia gari limekaa Mombasa, wa kwanza kutajwa ni kutu. Hewa ya chumvi ya bahari hula chuma, ilhali Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa hivyo ndugu yangu wa Likoni au Kilindini anayetaka kuleta gari huku aliuze, ushauri wangu ni huu: pesa za rimu zitie kwenye dawa ya kuzuia kutu chini ya bodi, ukaifanye kazi hiyo mapema kabla kutu haijaanza, na uweke risiti. Kupaka rangi nyeusi juu ya kutu ili isionekane ni jambo jingine, na nitalifikia.

Bima na mkopo

Wengi hudhani kwamba mapambo yakishindwa kulipwa na mnunuzi, angalau bima itayalipa gari likiibwa. Bima kubwa hulipa thamani ya soko ya gari wakati wa hasara, kwa mujibu wa ripoti ya mthamini. Redio na kioo cha mbele kwa kawaida vina kikomo chake kwenye mkataba. Vya ziada ambavyo hukuvitaja wakati wa kuchukua bima, usitegemee kulipwa. La muhimu zaidi, mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema ukweli. Ukibadilisha injini au mwendo wa gari na usiseme, umempa mwenye bima mlango wa kukataa dai lako. Hata kwa mwenye kutumia takaful, ambayo hapa Kenya imekuwepo tangu 2011, msingi ni ule ule, tena kwa upande wetu una uzito wa dini: ni mfuko wa kusaidiana, na mwenye kuficha anawaficha washirika wenzake.

Kwenye mkopo wa logbuku nako, mthamini huangalia gari lingeuzwa kwa kiasi gani kwa haraka. Kwenye hesabu hiyo ya haraka, ekzosi na bodi kit hazina nafasi.

Kupamba na kuficha

Sasa nifike pale panaponikera. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yako mapambo ya kupendeza, na yako mapambo ya kufunika aibu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufurika mitaa na fukwe. Mwaka 2024 mvua za masika zikaleta mafuriko tena, Nyando na kwingineko. Gari likizama, maji huingia kwenye mazulia, kwenye soketi za nyaya na kwenye kompyuta ya injini. Likioshwa, likakaushwa na kutiwa vifuniko vipya vya viti, mazulia mapya na manukato, linaonekana kama bibi harusi. Baada ya miezi michache umeme unaanza kucheza, na mnunuzi anabaki na deni la chama na gari lisilotembea.

Ukiona gari la kawaida lenye mazulia mapya, viti vipya na manukato makali, uliza kwa nini. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uone kama una alama ya tope. Inua zulia la buti, pale penye gurudumu la akiba, utafute mchanga na kutu. Bampa jipya na bodi kit nazo zaweza kuwa zimefunika ajali. Tazama nafasi kati ya milango kama ziko sawa pande zote mbili, na boliti za boneti kama zimewahi kufunguliwa.

Kwa sisi Waislamu jambo hili halina mjadala. Tunaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini imelowa ilhali juu ni kavu, akamlaumu muuzaji kwa kutoiweka iliyolowa juu ili watu waione. Gari lililozama likafunikwa kwa vifuniko vipya ni nafaka ile ile. Fiqhi ya biashara imempa mnunuzi haki ya kurudisha mali akikuta aibu iliyofichwa. Kuandika kwenye mkataba kwamba gari linauzwa kama lilivyo kunaweza kukutetea mbele ya wakili, lakini anayejua aibu na akanyamaza, karatasi hiyo haitamtetea kwa Mola wake.

Ufanye nini

Kama bado unataka kulipamba gari, na hakuna dhambi katika kupenda kizuri, fanya hivi.

Hifadhi kila kitu cha kiwandani ulichokitoa: rimu, redio, ekzosi, springi, usukani. Vifunge kwenye gunia uviweke ghalani. Siku ya kuuza, virudishe, kisha uuze mapambo peke yake kwa wanaoyataka. Jirani yetu mmoja kijana alipewa ushauri huu alipokuwa akihangaika na Subaru lake. Wanunuzi walikuwa wakija, wakisikia ekzosi, wakiondoka. Akarudisha ekzosi na rimu za kiwandani, akauza zile za fahari kwa vijana wenzake, na gari likachukuliwa na mwalimu wa sekondari. Pesa zote hazikurudi, lakini alipata zaidi ya vile madalali walivyokuwa wakimpa, na karo ya mdogo wake ikalipwa kwa wakati.

Chagua badiliko linalofunguka bila kuacha tundu wala waya uliokatwa. Weka risiti zote kwenye faili moja pamoja na rekodi za kumwaga oili na kubadilisha spea. Nimewaona wanunuzi wakilipa zaidi kwa faili hilo kuliko kwa rimu yoyote, kwa sababu linaonyesha tabia ya mwenye gari. Lolote linalogusa injini, rangi au muundo wa bodi, lipitishe NTSA mapema, usingoje siku mnunuzi amekaa nyumbani kwako na pesa mfukoni.

Kwa anayenunua: usilipe mapambo ya mtu mwingine. Kadiria gari kama liko tupu, kisha ongeza kidogo tu kwa kile ambacho wewe mwenyewe ungekinunua. Uliza vitu vya kiwandani viko wapi. Jibu la muuzaji litakueleza mengi. Mchukue fundi wako, si wa muuzaji, mlipe ada yake na mpeleke gari kwenye barabara mbovu, maana lami ya Oginga Odinga Street haitakuonyesha kitu.

Na kwa kijana anayepokea mshahara wake wa kwanza na tayari ana picha ya rimu kwenye simu: linunue pambo kwa furaha yako, ukijua kwamba pesa zile zimetumika kama zinavyotumika kwenye safari au karamu. Usiziandike kwenye daftari la akiba. Akiba ya gari iko kwenye injini iliyotunzwa, karatasi zilizo sawa na jina lako la ukweli mbele ya mnunuzi. Wallahu a'lam.